Lori Lililooshwa

Katika Busia ya upande wa Uganda, mwanamke wa Kiislamu akifariki, jina la kwanza kutajwa baada ya la Mungu ni la Rukiyah. Sanda inaweza kuchelewa, na wajomba wanaweza kugombana juu ya nani ashuke kaburini, lakini mpaka Rukiyah afike na ndoo zake na kafuri yake hakuna linalosonga. Ameosha wake wa matajiri na ameosha ombaomba wa stendi, wote sawasawa, kucha kwa kucha, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Wanawake wenye ndimi kali husema kwamba ukioshwa na Rukiyah unafika mbele ya Mola ukiwa msafi kuliko ulivyopata kuwa maishani mwako. Yeye hucheka kidogo, kisha huwaambia watubu.

Hayo yasemwe mapema, kwa sababu atakayesikia habari hii bila hayo atamwona mpumbavu, na Rukiyah hakuwa mpumbavu hata siku moja.

Mwanawe Huzaifa alikuwa dereva wa malori. Wiki ile alikabidhiwa lori la Nasrudin, tajiri mwenye yadi kule Sikuda na ndevu zilizopakwa hina. Dereva wa kabla yake alikuwa ameacha kazi bila kuaga. Jambo kama hilo humtia shaka mtu mwenye shibe, lakini Huzaifa hakuwa na shibe. Alishukuru, akapakia sabuni na mafuta ya kupikia yaliyovuka kutoka Kenya, akashika njia ya Mbale. Alipofika Mukuju ilikuwa siku ya soko. Alikanyaga breki, breki isijibu. Lori likaacha lami, likaingia kwenye vibanda. Watu walikimbia kila mmoja alivyoweza, isipokuwa Florence Awor, mama wa kijiji cha Sop Sop aliyekuja kuuza nyanya. Alikuwa ameinama anazipanga, na alipoinua kichwa lori lilikuwa limeshafika. Magurudumu ya nyuma yalimpitia.

Huzaifa hakutoroka. Alishuka, akapiga magoti kando ya yule mama, na kama polisi wasingefika upesi kumwokoa na umati, angezikwa naye siku moja. Walimpeleka Tororo, akawekwa ndani. Lori nalo lilivutwa hadi uani kwa polisi, na hapo pana jambo la kulishika vizuri, maana kesi nzima ilikuja kuning'inia juu yake.

Malori makubwa hutumia breki za upepo. Nyuma ya magurudumu kuna chemba, kopo la chuma, na ndani ya chemba mna springi nene. Upepo ndio unaoizuia springi hiyo isifunge gurudumu. Upepo ukiisha, springi inajiachia yenyewe na lori linakamatwa papo hapo, dereva apende asipende. Ni ulinzi. Lakini chemba ikianza kuvuja, lori hukwama njiani kila mara, na mtu mwenye haraka ya mali yake ana dawa mbaya: anazungusha bolti ndefu nyuma ya chemba mpaka springi inabanwa na kunyamazishwa. Lori linatembea tena. Siku upepo utakapoisha kabisa, hakuna kitakachoshika. Ndiyo maana waliolivuta lile lori kutoka Mukuju walishangaa: halikuwa na upepo hata kidogo, lilipaswa kugoma, nalo likawafuata kama ng'ombe aliyezoea kamba. Bolti zilikuwa zimekazwa kabla ya ajali. Swali likawa ni nani aliyezikaza, na lini.

Siku ya pili Rukiyah alikwenda Tororo kumpelekea mwanawe chakula. Alipokuwa akitoka aliliona lori limeegeshwa juani. Nzi walikuwa wamelijaa nyuma, na mbwa mmoja alikuwa amejipenyeza chini ya ekseli, analamba. Rukiyah alimfukuza kwa kiatu. Akainama, akatazama alichokuwa akilamba. Kisha akaenda kwa askari wa getini.

"Afande, hii damu ya mtu inakaa kwa jua mpaka lini?"

"Mama, hata sisi harufu inatusumbua."

"Basi mi naosha."

"Osha, mama. Maji iko pale."

Akaosha. Alinunua sabuni na burashi dukani ng'ambo ya barabara, akavua buibui, akalala chali juu ya udongo na kujivuta chini ya lori, mwanamke wa makamo yake. Aliosha alivyozoea kuosha: alianza upande wa kulia, akarudia, akarudia tena, maji ya mwisho akayatia kafuri aliyokuwa nayo siku zote mkobani. Marehemu hakuwa wa dini yake, na hilo halikumsumbua. Damu ya binadamu ni amana ya yeyote aliyeikuta. Alisugua ringi, akasugua ekseli, akasugua chemba na kila kilichojitokeza nyuma ya chemba. Udongo ulioganda damu aliukusanya kwa mikono, akaufunga katika kipande cha sanda, akampa mtu aufikishe Sop Sop kwa mume wa marehemu. Baada ya siku chache jibu lilirudi kwamba Ofumbi, yule mume, ameuzika kando ya mkewe na anamshukuru. Usiku wa siku ile aliyoosha, kwa mara ya kwanza tangu ajali, Rukiyah alipata usingizi.

Kesho yake alikuja mkaguzi wa magari wa serikali. Akaingia chini, akatoka, akaandika kwamba bolti zimekazwa, na kwamba meno yake yaliyojitokeza nje ni safi, hayana vumbi wala grisi kuukuu, kwa hiyo zilikazwa siku ile ile ya ajali, njiani. Na njiani alikuwa nani? Huzaifa peke yake. Nasrudin aliapa kwamba lori lilitoka Sikuda na breki nzima. Fundi wake akaapa vilevile, maana anayekula kwako huapa unavyoapa.

Huzaifa alishikilia neno moja: hajawahi kuzigusa bolti zile.

Wakili wake alikuwa Sharifah, binti wa jirani yao, msichana mwembamba mwenye sauti nzito. Ndiye aliyesema kwamba neno la dereva dhidi ya neno la mkaguzi halina uzito, na kwamba mtaalamu hujibiwa na mtaalamu. Akamleta Injinia Lenox Odeke, mtu wa Tororo, mhandisi wa mitambo aliyestaafu, ambaye mahakama za pande zote mbili za mpaka zilimwita kila lori lilipoua. Miezi ilikuwa imepita. Rukiyah alikuwa ameshalitaja jina la Odeke katika dua zake mara nyingi kuliko la marehemu mumewe.

Siku ya ukaguzi walisimama watatu pale uani. Odeke alivaa ovaroli juu ya suruali ya suti, akaingia chini na kurunzi. Alikaa huko muda mrefu. Walimsikia akigonga, akinyamaza, akigonga tena. Alipotoka hakujipangusa. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akamtazama Sharifah.

"Nani aliosha hii gari?"

"Ni mimi, Injinia," Rukiyah akadakia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kusifiwa. "Mi ndio nilioosha. Damu ya yule mama ilikuwa hapo, mbwa inakula."

"Lini?"

"Siku ya pili tu."

"Kabla mkaguzi hajakuja."

"Kabla."

Odeke alishusha pumzi. Alizungumza naye taratibu, kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mama, sikia. Kama ile bolti ilikazwa kule Sikuda, kabla kijana wako hajapewa gari, ingekuwa imekula vumbi ya wiki nyingi. Vumbi na grisi inakaa katikati ya meno, inashikana, inakauka. Mimi ningeitoa kwa sindano na kuonyesha hakimu. Ningemwambia, hii kitu ni ya zamani, huyu kijana aliikuta. Ndio kitu pekee ingeweza kusema."

"Na sasa?"

"Sasa iko safi."

Rukiyah alimtazama Sharifah, akatazama lori, akatazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa anaelewa polepole, na kila alipoelewa kidogo alitamani kurudi nyuma asielewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga kwa ndoo zake mwenyewe.

"Injinia," alisema mwishowe, akamshika mkono wa ovaroli. "Wewe ni mzazi. Sema tu uliona vumbi. Kidogo. Kwa kona. Nani ataingia chini kutafuta?"

"Mama Huzaifa!" Sharifah alimkemea.

"Wewe nyamaza, si mtoto yako."

Odeke hakuutoa mkono wake. "Mama, nyinyi ndio mliniita, lakini nikisimama pale mimi si shahidi wa Huzaifa. Ni shahidi wa hakimu. Yeye hajui bolti, ndio maana ananiuliza. Nikimdanganya leo kwa ajili yako, kesho Nasrudin ataniita nimdanganye kwa ajili yake, na mtoto wa mtu mwingine atafungwa."

"Wa mwingine," Rukiyah akasema. "Huyu ni wangu." Akamwachia mkono, akaenda kulia ukutani, kwa sauti, bila kujali askari waliokuwa wakipita.

Mfa maji haachi kutapatapa. Sharifah alimkalisha chini siku chache kabla ya kesi, akamweleza njia mbili zilizobaki. Mkaguzi wa serikali alidhani meno ni safi kwa sababu ni mapya. Kama mahakama haitajua kwamba lori lilioshwa, usafi ule utamfunga Huzaifa. Ili ijue, Rukiyah lazima asimame aseme. Na akisimama, mwendesha mashtaka atamgeuzia kibao.

"Atanifanyia nini?"

"Atasema uliosha ili kuficha."

"Kuficha nini? Mi niliosha mtu."

"Najua, Mama. Hiyo ndiyo tutakayosema."

Mahakama ya Tororo ilijaa watu wa Sop Sop na Mukuju upande mmoja, watu wa Busia upande mwingine. Nasrudin alikaa nyuma akinusa manukato yake mwenyewe. Huzaifa aliletwa akiwa amekonda, shati limemvuka mabega, na alipomwona mama yake alitabasamu, jambo lililomuumiza Rukiyah kuliko kama angelia.

Odeke alitoa ushahidi wake asubuhi. Hakuongeza, hakupunguza. Alieleza springi, akaeleza upepo, akasema bolti zilikazwa kabla ya ajali. Akasema pia kwamba lori lililosuguliwa kwa burashi na sabuni haliwezi kumwambia mtu yeyote lini bolti zilikazwa, na kwamba mwenzake wa serikali alisoma ukurasa uliokuwa umeshafutwa. Watu wa Busia wakanong'onezana kwa furaha. Mwendesha mashtaka, mtu mnene mwenye adabu nyingi mno, aliinuka na maswali mafupi.

"Injinia, unaweza kuiambia mahakama kwamba bolti hizi zilikazwa Sikuda?"

"Siwezi."

"Unaweza kuiambia kwamba hazikukazwa na mshtakiwa?"

Rukiyah alikaza macho kwenye mdomo wa Odeke, na katika moyo wake alimwomba, alimbembeleza, akamtukana kwa yote anayoyajua.

"Siwezi," Odeke akasema.

Kisha akaitwa Rukiyah. Alishika Msahafu, akaapa. Karani alimtafsiria Kiingereza cha mahakama kwa Kiswahili cha stendi, akikata maneno mahali alipochoka. Sharifah alimwongoza vizuri, na Rukiyah alisimulia yote: nzi, mbwa, askari wa getini, kafuri, kipande cha sanda. Hata mwanamke mmoja wa Mukuju alijipangusa macho.

Mwendesha mashtaka akainuka.

"Pole sana, Mama. Huyo askari aliyekupa ruhusa anaitwa nani?"

"Sijui jina. Alikuwa getini."

"Askari wa zamu siku hiyo ameandikisha kwamba hakumruhusu mtu yeyote. Siku ile ulikuwa umetoka wapi kabla ya kwenda kwenye lori?"

"Kumpelekea mtoto chakula."

"Kwa hiyo ulitoka kuzungumza na mshtakiwa, na moja kwa moja ukaingia chini ya gari. Alikuambia nini?"

"Alilia tu. Hakusema kitu."

"Ulisugua magurudumu?"

"Ndiyo."

"Na zile bolti?"

"Nilisugua kila kitu. Mi nikiosha, naosha yote."

"Maji yalitoka na rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ya damu, au ya vumbi?"

Rukiyah alifungua kinywa. Vumbi la Sikuda ni jekundu, kila mtu pale alijua hivyo. Sharifah, pale mezani, aliacha kuandika. Neno moja, vumbi, lilikuwa limelala juu ya ulimi wa Rukiyah, dogo, jepesi, na mkono wake ulikuwa bado na joto la Msahafu. Aliwaza maiti zote alizoziosha. Aliona alama nyingi kwenye miili, za mapigo, za mimba, na hakuna hata moja aliyowahi kuitolea uongo, kwa kuficha wala kwa kuongeza. Ndiyo sababu walimwita.

"Sikuangalia," alisema. "Nilikuwa natafuta damu."

Alasiri aliitwa Ofumbi, mume wa marehemu. Sharifah alitaka athibitishe tu kwamba lile furushi la udongo lilifika, ili hakimu aone ile ilikuwa heshima ya kweli. Alikuja mtu mrefu, mkulima, kofia mkononi, suruali imepigwa pasi na mtu asiyezoea kazi hiyo.

"Ilikuja, kweli," alisema. "Nilisema asante. Nilizika pale kwa mama ya watoto." Alimgeukia Rukiyah, si kwa hasira, na ingekuwa heri angekuwa na hasira. "Lakini leo nasikia haya maneno yote, sijui tena nilizika nini. Kama ilikuwa heshima, ama kama ilikuwa takataka ya kesi. Huyo mama anisamehe. Sijui."

Rukiyah alitaka kusimama. Sharifah alimbana goti.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Hakimu alikuwa mwanamke mwangalifu, hakudharau neno la mtu. Alimsifu Injinia Odeke kwa ukweli wake. Alisema wataalamu wawili wameachana, na kilichoweza kuwaamua kiliharibiwa na mzazi wa mshtakiwa, awe alikuwa na nia njema au mbaya, mahakama haina kipimo cha moyo. Akasema dereva ni wajibu wake kukagua gari kabla ya kuliendesha. Bolti zilizojitokeza nyuma ya chemba angeziona mtu yeyote anayeinama. Kwa hiyo, ama aliyekaza ni yeye, au aliziona zimekazwa akanyamaza. Miaka mitano. Nasrudin alitoka kabla karani hajamaliza kutafsiri, na nje ilisikika milio ya funguo za gari lake.

Odeke alimfuata Rukiyah kwenye ngazi, akasema pole. Rukiyah alimpita. Baadaye alijua kwamba hakumkosea yule mzee lolote kwa kumpita, wala yule mzee hakumkosea yeye lolote kwa kusema kweli, na kujua huko hakukumpunguzia chochote.

Askari magereza aliwapa mama na mwana muda kidogo ukutani, kabla ya kuwapakia wafungwa. Huzaifa alikuwa amefungwa pingu na kijana mwingine asiyemjua, ambaye aligeuza uso pembeni kwa heshima.

"Mama," Huzaifa alisema, "wewe ulikuwa pale chini. Uso yako ilikuwa karibu na hiyo bolti kuliko mtu yeyote."

"Ilikuwa, mwanangu."

"Kulikuwa na vumbi ama hakukuwa?"

Hapakuwa na Msahafu. Hapakuwa na karani wala mwendesha mashtaka. Rukiyah alirudi chini ya lile lori kwa macho yaliyofumbwa, akatafuta. Aliona nywele zilizonasa kwenye nati. Aliona kipande cha leso ya Florence Awor, cha maua ya njano. Aliona burashi yake ikienda na kurudi.

"Nakujua wewe," alisema. "Nimekuzaa. Nakujua."

"Sijauliza hiyo."

"Huzaifa..."

"Wiki ile nilikuwa nainama kila asubuhi naangalia mafuta na tairi. Chemba sikuangalia, hakuna aliyenifundisha kuangalia chemba. Nilitaka mtu mmoja tu ajue kwamba si mimi. Si hakimu. Mtu mmoja." Alimtazama kwa muda, usoni hana lawama yoyote, ila uchovu. "Kumbe hata wewe hujui."

Askari akaita. Yule kijana mwingine alianza kutembea, na pingu ikamvuta Huzaifa. Rukiyah aliufuata mnyororo hatua chache, mdomo wazi, akilitafuta neno la kumpa mwanawe, na alilokuwa nalo lilikuwa lile lile alilompa hakimu: sikuangalia.